Binamu wa kimeta: Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi kutangaza hatari

MNAMO Oktoba 18, 2001, Waziri wa Afya wa wakati huo, Prof Sam Ongeri, aliwatangazia Wakenya habari ambayo wachache walitarajia kuisikia hapa nchini. Barua iliyotoka Atlanta, Marekani, na kufunguliwa jijini Nairobi, ilikuwa imepimwa na kudaiwa kuwa na vimelea vya kimeta. Hazikuwa zimetimia wiki mbili tangu Robert Stevens, mhariri wa picha katika kampuni moja ya magazeti huko Florida, afariki kwa ugonjwa huo huo. Vyombo vya habari vya kimataifa vikaitaja Kenya kuwa nchi ya kwanza nje ya Marekani kupokea barua ya aina hiyo, na hofu ikaingia maofisini na katika vyumba vya kupangia barua.

Vipimo vya baadaye havikuthibitisha kimeta katika barua hiyo. Lakini, kama ilivyo desturi ya habari, masahihisho hayakukimbia kwa kasi ya tangazo. Si ajabu hata leo kumpata Mkenya anayeikumbuka vyema 'barua ya kimeta' na asiyekumbuka kamwe kwamba madai hayo yalikanushwa.

Lengo la makala haya si kumsuta waziri wa miaka hiyo. Serikali ambayo ingenyamaza, ilhali Marekani watu walikuwa wakifa, ingelaumiwa vilevile, na pengine kwa ukali zaidi. Suala ni kwamba kati ya neno 'inashukiwa' na neno 'imethibitishwa' kuna siku kadhaa za kazi ya maabara, na kazi hiyo ni ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Isitoshe, haihusu barua za magaidi pekee. Inamhusu mfugaji wa Nakuru, Samburu au Murang'a ambaye ng'ombe wake ameanguka usiku na majirani tayari wananoa visu.

Tatizo linaanzia kwenye ukoo. Kimeta husababishwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis, naye ana ndugu wawili wa karibu mno. Wa kwanza ni Bacillus cereus, mkazi wa udongo, vumbi na nafaka, ambaye takriban kila mmoja wetu amewahi kumla bila kujua. Huyu ndiye anayemtapisha mtu aliyekula kiporo cha wali kilichoachwa sufuriani usiku kucha, na sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na moto wa kupashia chakula.

Wa pili ni Bacillus thuringiensis, adui wa viwavi. Wakulima hununua dawa iliyotengenezwa kutokana naye na kuinyunyizia mboga, na jeni yake ndiyo iliyotiwa katika pamba ya Bt ambayo serikali iliidhinisha ikuzwe kibiashara mnamo Desemba 2019. Wakereketwa wa pande zote mbili za mjadala wa vyakula na mimea ya GMO wamelitamka jina la Bt maelfu ya mara, ila ni wachache wanaofahamu kuwa mwenye jina hilo ni binamu wa kimeta. Niharakishe kusema kwamba undugu huo hauifanyi pamba hiyo kuwa na kimeta, kama vile mtu hawi mwizi kwa kuwa binamuye ni mwizi.

Wote watatu wana umbo la vijiti. Wote hujifungia ndani ya chembe ngumu ziitwazo spora, ambazo huvumilia jua, ukame na miaka mingi ardhini. Jeni ambayo maabara nyingi duniani huitumia kumtambulisha bakteria asiyejulikana karibu haitofautiani kati yao, hivyo njia hiyo ya kawaida haisaidii hapa. Mwaka wa 2000, watafiti nchini Norway walichapisha hoja kwamba kwa kigezo cha jeni, watatu hawa wanastahili kuhesabiwa kuwa spishi moja. Majina yao yameachwa mbalimbali kwa sababu ya matendo yao: mmoja anaua ng'ombe na watu, mwingine anaumiza tumbo, na wa tatu anaua viwavi.

Tofauti kubwa inayoleta mauti imebebwa katika vipande viwili vidogo vya vinasaba vyenye umbo la pete, ambavyo haviko katika uzi mkuu wa jeni za bakteria. Wataalamu huviita plasimidi. Cha kwanza, pXO1, kina maelekezo ya kutengeneza sumu. Cha pili, pXO2, kina maelekezo ya kutengeneza joho linalomkinga bakteria dhidi ya askari wa mwili. Akiwa na vyote viwili, bakteria wa kimeta ni muuaji. Akikosa kimoja, makali yake hupungua mno. Chanjo ambayo Max Sterne aliibuni nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1930, na ambayo bado ndiyo msingi wa chanjo ya mifugo ya kimeta kote duniani, ni bakteria hai wa kimeta aliyepoteza joho hilo.

Sasa tuingie maabara. Sampuli ikifika, mtaalamu huanza kwa kupaka tone la damu juu ya kioo, kulitia rangi ya methilini ya samawati na kulitazama kwa darubini. Mbinu hii ilielezwa na John M'Fadyean mwaka wa 1903 na haijastaafu. Bakteria wa kimeta huonekana kama vijiti vya samawati vilivyopangwa mnyororo, ncha zake zikiwa zimekatwa mraba, na kuzunguka mnyororo huo kuna utando wa rangi ya waridi, ambao ndio joho lenyewe. Gharama yake ni ndogo, jibu hupatikana kwa muda mfupi, na likipatikana katika damu ya mnyama aliyekufa punde, lina uzito mkubwa.

Kipimo hicho hakifai kwa unga uliomo katika bahasha. Bakteria huvaa joho anapokuwa ndani ya mwili wa mnyama, si anapolala katika spora. Kwa hivyo mtaalamu hulazimika kumwotesha kwanza katika sahani yenye damu ya kondoo na kusubiri hadi kesho yake. Bakteria wa kimeta hukua bila kuiharibu damu hiyo. Bacillus cereus kwa kawaida huiyeyusha na kuacha duara jeupe kumzunguka. Kisha huangaliwa mwendo: kimeta hatembei, ila binamu zake wengi huogelea. Hutiwa penisilini: kimeta kwa kawaida hufa, Bacillus cereus hucheka. Akishukiwa Bacillus thuringiensis, hutafutwa fuwele za protini anazozitengeneza kando ya spora, ambazo huonekana kwa darubini na ndizo zinazowaua viwavi.

Kipimo ninachokistaajabia zaidi ni cha kutumia virusi. Mwaka wa 1955, watafiti Brown na Cherry walieleza kuhusu virusi viitwavyo gama, ambavyo huwashambulia bakteria na kuwapasua. Tone la virusi hivyo likiwekwa juu ya bakteria wa kimeta waliotandazwa kwenye sahani, kesho yake hupatikana kidimbwi kitupu mahali palipokuwa na tone. Kwa binamu zake, mara nyingi hapatokei lolote. Kumbuka hata hivyo neno 'mara nyingi', kwa maana wapo Bacillus cereus wachache wanaopasuka vilevile.

Hiki ndicho kiini cha mambo. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotoa hukumu peke yake. Wapo bakteria wa kimeta wasiouawa na penisilini, na wapo binamu wasiotembea. Mtaalamu hujumlisha majibu kama hakimu anayesikiliza mashahidi, na hata baada ya hapo huomba ushahidi wa kipimo cha PCR, ambacho Wakenya walikizoea wakati wa janga la korona. PCR hutafuta plasimidi zote mbili pamoja na alama katika uzi mkuu wa jeni. Alama hiyo ya tatu ni muhimu kwa kuwa plasimidi zinaweza kupotea au kuhamia kwa bakteria mwingine.

Mwaka wa 2001 vilikuwako pia vifaa vidogo vya kushikwa mkononi vilivyodaiwa kutoa jibu kwa dakika chache. Vilihitaji spora nyingi, angalau elfu kumi hivi, na vingeweza kuitikia binamu kana kwamba ni kimeta. Maafisa wa afya wa Marekani walionya dhidi ya kuvitegemea. Katika nchi kama yetu, ambamo dawa ya Bt hunyunyiziwa mashambani, hebu fikiria idadi ya bahasha na magunia ambayo yangeweza kupiga kengele hiyo bure.

Yafaa kulinganisha na yaliyotokea Florida katika mwezi huo huo. Oktoba 2, daktari Larry Bush alitazama majimaji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa Stevens na kuona vijiti. Kwa kawaida bakteria wa ukoo huu wanapoonekana hospitalini huchukuliwa kuwa uchafu wa vumbi au wa ngozi, na aghalabu hakuna anayehangaika kuwapa jina kamili. Daktari huyo hakuwapuuza. Sampuli ilipelekwa katika maabara ya jimbo mjini Jacksonville, ikapitishwa katika vipimo nilivyovitaja, na kufikia Oktoba 4 jibu likatangazwa. Halikubadilika tena. Maabara hiyo ilikuwa katika mtandao ulioundwa mwaka wa 1999 mahsusi kwa matukio ya namna hiyo, na wafanyakazi wake walikuwa wameshafunzwa kabla ya dharura kubisha hodi. Hatimaye watu 22 waliambukizwa nchini Marekani na watano wakafa.

Hata hivyo, atakayedhani kwamba orodha ya vipimo ikifuatwa kikamilifu ukweli lazima ujitokeze, asafiri hadi msitu wa Tai nchini Cote d'Ivoire. Kati ya 2001 na 2002, sokwe wa msitu huo waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walianza kufa ghafla. Mizoga ilionyesha dalili za kimeta, lakini bakteria waliopatikana waliogelea na hawakupasuliwa na virusi vya gama. Maabara ambayo ingefuata kitabu neno kwa neno ingeandika kwamba huyu si kimeta na kufunga faili. Watafiti walipochunguza jeni, walikuta plasimidi zote mbili za mauti ndani ya bakteria ambaye, kwa uzi wake mkuu, yuko karibu zaidi na Bacillus cereus. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa bakteria huyu alihusika katika takriban asilimia 40 ya vifo vya wanyama vilivyochunguzwa katika msitu huo.

Marekani nako, fundi wa kuchomelea vyuma katika jimbo la Louisiana aliugua nimonia kali mwaka wa 1994. Bakteria wake alipimwa na kuitwa Bacillus cereus, jina ambalo halimtishi mtu. Ilichukua miaka kumi kabla ya kuchapishwa kwamba alikuwa amebeba plasimidi inayokaribia kufanana kabisa na ile ya sumu ya kimeta.

Kwa hivyo kosa linaweza kwenda pande mbili. Kuna kosa la kumwita binamu asiye na hatia kwa jina la muuaji, ambalo huleta taharuki. Kuna pia kosa la kumwona muuaji na kumwita binamu, ambalo huleta makaburi. Kwa maoni yangu, la pili ndilo tunalopaswa kuliogopa zaidi hapa Kenya, kwa sababu kimeta kwetu hakihitaji kutumwa kwa posta. Kimo ardhini.

Kati ya Desemba 2005 na Machi 2006, kiliua zaidi ya punda milia 50 wa Grevy katika eneo la Wamba, Samburu, wanyama ambao idadi yao duniani ni ndogo mno. Mwaka wa 2015 kiliangamiza zaidi ya nyati 100 katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mwaka huo huo, wataalamu wa afya ya binadamu na ya mifugo nchini waliyapima magonjwa 36 yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu ili kuyapanga kwa umuhimu, na kimeta kikashika nafasi ya kwanza, mbele ya kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa.

Lakini sampuli hufikaje maabara? Mnyama aliyekufa kwa kimeta hapaswi kupasuliwa, kwani hewa ikigusa damu yake bakteria hugeuka spora na kuipanda ardhi kwa miongo kadhaa. Afisa wa mifugo huchukua damu kidogo tu, kwa mfano kutoka mshipa wa sikio. Ni lazima aichukue mapema. Katika mzoga uliofungika, bakteria wa kimeta huanza kufa wenyewe, na nafasi yao hutwaliwa na bakteria wa kuozesha, ambao nao ni vijiti na huwapotosha watazamaji wa darubini. Mmoja wa jamaa hao wa kuozesha yuko karibu na bakteria wa chambavu, ugonjwa mwingine unaowaangusha ng'ombe ghafla. Afisa akichelewa siku mbili kwa kukosa mafuta ya pikipiki, hakuna kipimo kitakachomrudishia jibu aliloliacha njiani.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma za mifugo mashinani ni jukumu la kaunti, ilhali maabara kuu ya mifugo iko Kabete, chini ya serikali ya kitaifa. Hospitali nazo zina mkondo wao wa kupeleka sampuli za binadamu. Mtu mwenye kidonda cheusi mkononi na ng'ombe aliyemchinja wanaweza kupimwa katika nyumba mbili zisizosalimiana, japo zipo juhudi za miaka mingi za kuziunganisha wizara hizo mbili katika vita dhidi ya magonjwa ya aina hii.

Kwa mgonjwa, jina la bakteria si mchezo wa wasomi. Kimeta cha ngozi, ambacho ndicho kinachowapata wengi, huponyeka kikitibiwa mapema kwa dawa zinazopatikana. Bila matibabu huweza kuua mmoja hadi wawili kati ya kila wagonjwa kumi. Penisilini inayomponya mgonjwa wa kimeta kwa kawaida haimfai aliyeambukizwa Bacillus cereus. Daktari hawezi kusubiri siku tatu ndipo aanze kutibu, na hapaswi. Ataanza kwa kushuku, lakini bila jibu la maabara hatajua kama aendelee, abadilishe dawa, au aagize jamaa wote waliokula nyama hiyo waletwe.

Na muuzaji nyama je? Kaunti ikitangaza kimeta, masoko ya mifugo hufungwa na vichinjio husimama. Tangazo la uongo humnyima mtu riziki yake kwa wiki kadhaa, na wafugaji waliowahi kuchomwa kwa njia hiyo hawataripoti mzoga unaofuata. Watauchuna kimyakimya.

Ndiyo maana napendekeza utaratibu ambao haudai mabilioni. Kwanza, kila kaunti yenye historia ya kimeta iwe na darubini inayofanya kazi, rangi ya methilini isiyopitwa na wakati, na mtu aliyefunzwa kuitumia. Jibu lake liitwe la kushuku na hatua za tahadhari zianze saa hiyo hiyo: karantini, kuchoma au kuzika mzoga kwa kina bila kuupasua, na chanjo kwa mifugo ya jirani. Tahadhari haihitaji uthibitisho, na kuishikilia hadi PCR irudi ni kuhatarisha maisha. Tangazo la uthibitisho nalo liachiwe maabara ya kitaifa, baada ya bakteria kuoteshwa na plasimidi na alama ya uzi mkuu kutafutwa. Waziri au gavana asomapo taarifa, aseme ni vipimo gani vimefanywa na vipi vimesalia. Sisi wanahabari nasi tuulize swali hilo kabla ya kuandika kichwa cha habari, kwani mwaka wa 2001 wengi wetu hatukuliuliza.

Halafu kuna jambo ambalo bajeti hulisahau, nalo ni kuhifadhi kile kilichopimwa. Mwaka wa 1993, wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walipuliza majimaji kutoka juu ya jengo lao katika mtaa wa Kameido, Tokyo. Majirani walilalamikia uvundo, maafisa wa afya wakachukua sampuli, hakuna aliyeugua kimeta, na mambo yakaishia hapo. Miaka kadhaa baadaye, baada ya kundi hilo kuua watu kwa gesi katika treni za jiji hilo mwaka wa 1995, sampuli hiyo ilitolewa stoo na kupimwa. Ilikuwa kimeta kweli, ila kilichokosa pXO2, cha aina ile ile ya chanjo ya Sterne inayodungwa mifugo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2001. Kilichowezesha jibu hilo kupatikana ni chupa moja iliyoandikwa tarehe na mahali ilikotoka, ikawekwa penye kufuli, na ikaingizwa katika rejesta ambayo mtu alikuwa akilipwa kuitunza.